Mkono Usizunguke

Asubuhi ile Kitinda aliliosha gari la baba yake kama mtu anayemwogesha mtoto wa watu, kwa upole na kwa woga. Alianza juu kwenye paa, akashuka kwenye vioo, akashuka kwenye milango, na sehemu za chini zinazokula matope akaziacha mwisho, tena akazipa kitambaa chao peke yao. Ndoo zilikuwa mbili, moja ya povu na moja ya maji matupu. Kila alipopitisha kitambaa alikisuuza kwanza kwenye maji matupu, akakikamua, ndipo akakirudisha kwenye povu. Na mkono wake ulikwenda moja kwa moja, kutoka mbele kwenda nyuma, kama anayepiga mstari kwa rula. Haukuzunguka hata mara moja. Nani azungushe mkono kwenye gari lile? Nani mwenye ubavu huo?

"Mkono usizunguke." Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba ile. Kwingine watoto hukatazwa kuongea na chakula mdomoni. Hapa walikatazwa kuzungusha mkono. Baba yao, ambaye mtaa mzima ulimwita Dereva hata baada ya kustaafu, alikuwa amewaendesha wakubwa maisha yake yote, na gari lake mwenyewe, refu, jeusi tii, lilikuwa jasho la maisha hayo. Rangi nyeusi, alisema, ni rangi yenye kisirani. Chembe moja tu ya mchanga ikikwama kwenye kitambaa, na wewe ukazungusha mkono, itachora duara, na duara jingine, na jingine, mpaka siku jua likipiga uone kitu kama utando wa buibui umetandazwa juu ya boneti. Yeye aliuita hivyo hivyo, buibui. "Gari la fulani limeingia buibui," alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu anayetangaza ugonjwa. Kitinda, mtoto wake wa mwisho, alipokuwa mdogo alishachapwa kiganja kwa kosa hilo. Alilia sana siku hiyo, na mkono wake haukuzunguka tena.

Sasa Dereva alikuwa anarudi nyumbani kuliona gari lake. Kuliona, nimesema, si kulipapasa. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemwingia macho yote mawili kidogo kidogo, mpaka akawa haoni ila mwanga na kivuli. Tangu hapo gari halikutoka bandani. "Halitoki mpaka nilione," alisema mzee, na mzee akisema amesema. Funguo zake, zenye kibati cha shaba, alilala nazo chini ya mto. Kitinda alipewa zile za akiba, za kuwashia injini tu ili betri isife. Akawa analiosha humo humo kivulini kila Jumamosi, na baba yake anasimama pembeni, anapitisha kiganja kwenye bodi na kusema, "Laini. Safi." Wiki hii hatimaye alifanyiwa upasuaji jicho la kulia, akakaa kwa Kaka, karibu na hospitali, na asubuhi hii bendeji ilikuwa inatolewa.

Kulikuwa na jambo zaidi ya bendeji. Kaka alitaka gari liuzwe. Si kwa roho mbaya, tusimwonee. Alikuwa na hofu moja, kwamba mzee akipata jicho atashika usukani, naye atajiua na kuua watu wengine. Walibishana, baba na mwana, mpaka majirani wakaanza kupita pita karibu na dirisha bila sababu. Mwisho mzee akakata shauri. "Nikifunguliwa jicho, nitalitazama gari mwenyewe. Nikilikuta kama nilivyoliacha, funguo ni za Kitinda. Aendeshe yeye, kazi yangu airithi. Nikilikuta limeharibika, wewe uza, na mimi sitasema neno."

Kitinda alikuwa na leseni. Alikuwa na kampuni ya kubeba wageni iliyokubali kumchukua, mradi aje na gari safi la kwake. Alichokosa kilikuwa gari. Basi ndiyo maana asubuhi ile alikuwa anaosha kwa woga ule.

Alikausha kwa taulo laini, hakusugua. Alilitandaza tu juu ya bodi, akalikandamiza, akaliinua. Halafu akaingia, akawasha, akalirudisha gari nyuma polepole mpaka uani, kwa kuwa jana usiku mzee alimpigia simu kwa sauti ya amri: "Nikifika nilikute juani. Sitaki kulitazama gizani kama mwizi." Akazima injini. Akashuka, akafunga mlango taratibu, akageuka kulitazama.

Mama yangu wee!

Boneti yote ya upande wa dereva ilikuwa imeingia buibui. Mlango wa dereva vilevile, na ubavu wa juu ya gurudumu la mbele. Duara juu ya duara, mengine mapana kama sahani, mengine madogo kama mdomo wa kikombe, mistari myembamba kama nywele, na kila alipotikisa kichwa yanatembea na jua. Kule bandani, kivulini, hakuwahi kuona hata moja. Kitinda alitia mate kidoleni, akasugua. Hayakutoka. Alijua hayatatoka, kwa sababu buibui si uchafu, ni jeraha, lakini alisugua tena.

Akakimbilia vitambaa vyake, akavikunjua kimoja kimoja, akavikagua mshono kwa mshono akitafuta mchanga. Hakuna. Akachungulia ndani ya ndoo. Hakuna. Ndipo akamkumbuka Wifi.

Wifi ni mke wa Kaka, na alikuwa amelala pale tangu jana ili wamwandalie mzee nyumba. Ni mwanamke wa maneno mengi na moyo mweupe, lakini saa ile Kitinda hakuuona moyo wowote.

"Wifi! Hebu njoo hapa!"

Wifi akatokea mlango wa jikoni, kisu mkono mmoja, kitunguu mkono mwingine, machozi ya kitunguu yanamtiririka. "Kuna nini? Nyoka?"

"Umelishika gari hili?"

"Mimi na gari lenu wapi na wapi?"

"Jana ulichukua kitambaa changu ukafutia jiko. Usikatae!"

"Nilichukua, nikakifua, nikakirudisha, na ukanishukuru. Sasa leo kimekuwa kesi?"

"Angalia!" Kitinda alimshika mkono akamvuta mpaka kwenye boneti. "Angalia mlichofanya! Kaka amekutuma, si ndiyo? Lionekane limeharibika, liuzwe, yaishe!"

Wifi alitazama boneti. Akatazama wifi yake. Uso wake ukabadilika, na safari hii si kwa sababu ya kitunguu.

"Ishia hapo hapo," alisema. "Mimi nimekuja kumenya vitunguu vya baba mkwe wangu, sikuja kutukanwa. Hiyo mizunguko si ya jana, na wala si ya kwangu. Kamuulize baba yako."

"Baba ameingiaje hapa?"

"Kwani hujui?" Wifi alishusha sauti. "Kila nikilala hapa, nikiamka alfajiri namkuta bandani, kwenye kile kistuli chake. Anaongea na gari. Wallahi, anaongea nalo, 'habari ya asubuhi mama, umelalaje', na huku anafuta vumbi. Nilidhani mnajua wote."

"Anafuta na nini?"

"Na leso yake, na nini tena? Anafuta hivi." Na Wifi, kisu kikiwa bado mkononi, akazungusha mkono hewani. Duara, na duara, na duara.

Kitinda alikwenda bandani. Kistuli kilikuwa pale pale, karibu na gurudumu la mbele, upande wa dereva. Juu yake, kwenye msumari, lilining'inia koti la kazi la mzee, na ndani ya mfuko wa koti ilikuwamo leso, ngumu kwa vumbi, ya kijivu iliyokuwa nyeupe. Alirudi uani akalizunguka gari. Upande wa pili ulikuwa kama kioo. Paa lilikuwa kama kioo. Buibui walikuwapo pale tu ambapo mtu aliyekaa kwenye kistuli, au aliyesimama akakishikilia, mkono wake unafika.

Vumbi kavu na leso kavu! Hakuna njia ya haraka zaidi ya kuliharibu gari jeusi, na mzee alilijua hilo kuliko mtu yeyote mtaani. Lakini mtu asiyeona hutazama kwa kiganja, na kiganja kinachotafuta hakiendi kwa mstari.

Kwanza hasira ilimpanda Kitinda mpaka masikio yakawa moto. Alichapwa yeye! Alilia yeye! Miaka yote hiyo mkono umenyooka kama fimbo, kumbe mwenye sheria anaamka alfajiri kuivunja! Halafu akamwona mzee kwenye kile kistuli, peke yake na kivuli chake, anamsalimia mama wa chuma, na hasira ikamtoka yote kwa mpigo. Akakaa chini kwenye simenti yenye maji, leso mkononi, akalia.

Simu ikaita. Alikuwa Kaka, anacheka na kupiga kelele kwa pamoja. "Anaona! Anaona bwana! Amesoma mabango yote ya barabarani, hata ya dawa za mende! Tuko njiani, hatuko mbali!"

Ng'ambo ya barabara palikuwa na karakana ya Fundi Rangi. Kitinda alivuka bila kutazama kushoto wala kulia, akamvuta fundi mkono kama anayeita zima moto. Fundi akaja, akainama, akapiga mluzi.

"Dada, hii ni kazi ya mashine. Siku nzima, na isifanywe na mtu mwenye haraka."

"Sina siku. Sina hata saa."

Fundi alijikuna kichwa, akarudi kwake, akaja na kopo dogo la polishi nzito yenye mafuta. "Hii inajaza mistari, jicho lisione. Ila sikudanganyi, hii ni poda ya uso, haitibu. Ukiosha, buibui wanarudi. Na usipake juani, unanisikia? Bodi ikiwa moto inakauka kabla hujaifuta, na hapo utapata mabaka ya kukutia aibu. Lirudishe kivulini, lipoe kwanza."

Kitinda alijua yote hayo. Alikua akiyasikia. Lakini lipoe saa ngapi, na mzee yuko njiani, na amesema alikute juani? Akafungua kopo.

Alikuwa anamficha mzee, au anajificha yeye na funguo zake? Vyote viwili, tuseme ukweli, na asiyewahi kuyachanganya mambo hayo anyooshe mkono. Alijiambia mzee asiione aibu yake mwenyewe siku ya kwanza ya kuona. Na nyuma ya hilo, palepale, alijiambia pia kwamba akinyamaza na buibui wakaonekana, gari limekwenda, na akisema ni nani, atakuwa amemchoma baba yake mbele ya mwanawe na mkwewe ili apate gari. Kwa vyovyote ameumia. Basi alijikaza kisabuni, akachota polishi, akapaka.

Ilikauka hapo hapo. Boneti ilikuwa ya moto kama kikaango, na polishi ikageuka kuwa ukungu wa kijivu, ukakataa kutoka. Alipofuta mbele, ukahamia nyuma. Alipofuta nyuma, ukaburuzika kuja mbele, mabaka juu ya mabaka. Akabadilisha kitambaa. Akakaza mkono. Jasho likamchuruzika machoni, na katika haraka ile, Mungu amsamehe, akasikia mkono wake mwenyewe unazunguka.

Aliurudisha kama aliyeungua. Na hapo getini honi ikalia.

Mzee alikuwa kiti cha mbele, kama kawaida yake. Dereva hakuwahi kukaa kiti cha nyuma cha gari lolote. Nyuma ni kwa mabosi, alisema, mimi nikikaa nyuma ujue naelekea makaburini. Hata miaka ile ya giza alikaa mbele, na mguu wake ukawa unakanyaga breki isiyokuwepo, mpaka Kaka akaapa kwamba siku moja mzee atatoboa sakafu.

Akashuka na miwani myeusi ya hospitali. Akasimama. Hakutazama gari kwanza, alimtazama Kitinda. Akaivua miwani, ingawa Kaka alianza papo hapo, "Baba, daktari amesema!", na jicho lile moja, jekundu, lenye maji, likamtazama binti yake kuanzia kichwani mpaka miguuni iliyolowa.

"Kumbe umefanana na marehemu mama yako hivi," alisema.

Kitinda alitaka kucheka, akalia. Wifi, mlangoni, akajifuta kwa kanga na kusingizia kitunguu. Kwa kitambo kidogo walikuwa familia yenye furaha tu, uani, juani. Halafu Kaka akasema, "Ee! Nini hiki?"

Kila mtu akageuka. Boneti ilikuwa imetapakaa mabaka ya kijivu, kama meza ya mgahawa iliyofutwa kwa dekio.

"Hivi ndivyo linavyotunzwa?" Kaka aliuliza. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Baba, mimi sisemi. Tazama mwenyewe. Tulikubaliana."

Mzee alilikaribia gari. Alitembea kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa. Hakugusa. Alinusa.

"Nani amepaka mafuta juani?"

"Mimi, baba."

"Nimekufundisha kupaka mafuta juani?"

"Hapana, baba."

"Basi kwa nini?"

Kitinda aliangalia vidole vya miguu yake. Wifi alifungua mdomo, na Kitinda akampiga jicho moja, kali, la kumsihi. Wifi akaufunga, ingawa ilimgharimu.

"Leta ndoo," mzee alisema. "Mbili. Toa uchafu huu. Nataka kuona."

Kitinda akaosha. Kwanza maji mengi, ili bodi ipoe, halafu povu, mkono moja kwa moja, mbele kwenda nyuma, suuza, kamua, rudi. Baba yake alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake na jicho halipepesi. Kitinda alikuwa ameosha gari lile likipapaswa nyuma yake kwa muda mrefu, lakini kutazamwa alikuwa amesahau kulivyo. Ila mikono haikupinda. Kila alipopitisha kitambaa, poda ya uso ilitoka kidogo, na chini yake buibui wakawa wanarudi mmoja mmoja. Alijua anafuta gari lake mwenyewe. Anafuta leseni, anafuta kampuni, anafuta asubuhi zote alizojiona yuko nyuma ya usukani ule. Aliendelea kufuta.

Akakausha. Akarudi nyuma.

Jua lilikuwa juu ya boneti, na maduara yote yakawaka.

"Lahaula," alisema Kaka, polepole. Sasa hata yeye hakufurahi. "Kitinda. Wewe? Wewe wa kuzungusha mkono?"

Mzee aliinama.

"Baba, daktari amekataza kuinama!"

"Daktari na akainame yeye." Uso wake ulikuwa karibu kabisa na rangi. Alitazama boneti, akatazama mlango. Akanyanyuka, akatazama paa kwa muda mrefu, akaenda upande wa pili, akatazama, akarudi. Mdomo wake ulikuwa umekaza.

"Umezungusha mkono?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Ndiyo, uongo, na gari limekwenda. Hapana, ukweli, na swali linalofuata litakuwa, basi nani?

"Gari lilikuwa mikononi mwangu, baba," alisema Kitinda. "Likiwa na kasoro, ni yangu."

"Sikukuuliza hilo."

"Ndilo jibu nililo nalo."

Kaka alikohoa. Akasema kwa upole, kama anayefunga jeneza, kwamba basi, baba, tusimtese mtoto, ahadi ni ahadi, kesho nitamleta mtu alitazame. Mzee akaitikia kwa kichwa. Akamtazama binti yake, na kulikuwa na huzuni kwenye jicho lile ambayo Kitinda angeomba jicho lifungwe tena asiione.

Tone moja la maji lilikuwa limebaki chini ya kioo cha mbele. Likateleza, likashuka kwenye ukingo wa boneti, likasimama pale linametameta. Kitinda hakuwa ameliona. Mzee aliliona. Huku bado akimsikiliza Kaka, huku akili yake iko mbali, mkono wake wa kulia uliingia mfukoni wenyewe, ukatoka na leso nyingine, ukaenda kwenye boneti.

Ukafuta tone. Tone likaisha mara moja. Mkono haukuacha. Ukaendelea, taratibu, kwa mapenzi, duara, na duara, na duara, na midomo yake ikatikisika kana kwamba inasalimia.

Wifi akaziba mdomo kwa kiganja. Kaka akakata maneno katikati. Kitinda akasema ndani kwa ndani, acha baba, acha, usitazame chini.

Mzee akatazama chini.

Mkono ukazunguka mara moja zaidi, ukasimama. Aliutazama kama mtu anayemkuta mgeni kitandani mwake. Aliinua leso, akatazama yale maduara yaliyokuwa chini yake, akaishusha tena karibu bila kugusa, akaufuata mstari mmoja kwa hewa, ukazunguka, ukarudi ulipoanzia. Mstari ulilingana na mkono wake sawasawa. Akatazama bandani, kwenye kile kistuli. Uso ukamporomoka.

"Ulijua?" alimuuliza Kitinda, na sauti ilikuwa ndogo.

"Leo asubuhi tu."

"Ndiyo maana ukapaka mafuta."

"Ndiyo, baba."

"Juani."

"Juani, baba."

"Mjinga wewe," alisema mzee. Jicho lilikuwa limejaa, na si kwa sababu ya dawa. "Na nilikuchapa. Ulikuwa mdogo hivi, nikakuchapa kiganja."

"Nilisahau zamani, baba."

"Hukusahau. Ungesahau, mkono wako ungezunguka."

Kitinda alifikiria ile mara moja, kabla ya honi, na akanyamaza nayo mpaka leo.

Mzee aliikunja leso, mara mbili, mara nne, akampa Wifi. "Kafutie jiko," akamwambia, na Wifi, maskini, alicheka na kulia mpaka akapaliwa. Halafu mzee akaingiza mkono kwenye mfuko mwingine, akatoa zile funguo zenye kibati cha shaba. Kaka akasogea haraka, hofu yake yote usoni, maana alimwona baba yake anaukabili mlango wa dereva.

"Baba, tafadhali. Jicho lenyewe moja, daktari..."

"Nyamaza, mwanangu. Nimeona."

Akashika funguo juu ya kiganja cha Kitinda, akaziachia. Kisha akaupita mlango wa dereva. Akatembea mpaka mlango wa nyuma, akasimama mbele yake, mikono ubavuni, akasubiri.

Kitinda hakuelewa. Halafu akaelewa. Akaja mbio, akasimama wima kama alivyomwona baba yake akisimama kwa watu wengine maisha yote, akafungua mlango. Mzee akainamisha kichwa, akaingia, akakaa nyuma. Mikono yake aliiweka magotini, mmoja juu ya mwingine, na ule wa juu ukaushikilia wa chini.

Kitinda akazunguka, akaingia, akawasha. Kwenye kioo cha ndani aliliona jicho la baba yake likimtazama, jekundu, wazi.

"Twende, Dereva," mzee alisema.

Kitinda akatia gia.